Maji ya Brashi

Kavugho alikuja siku ya Alhamisi asubuhi, bahasha ameibana kifuani kwa mikono miwili. Alipewa kiti hakukaa. Alisimama katikati ya baraza, akamtazama Karima, akaitazama meza ndogo ya rangi iliyosogezwa karibu na mwanga, kisha akauliza:

"Ni wewe sasa unafanyaka kazi ya papa yako?"

Karima aliitikia kwa kichwa. Hakuwa mtu wa maneno. Hata katika chuo cha ualimu walimu walimwandikia "mtulivu mno" kila muhula, kama watu wanaoandika ugonjwa. Alipokea bahasha, akapangusa vidole kwenye kanga, akatoa picha.

Ilikuwa picha nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja. Mtoto wa miaka sita kasimama kando ya nguzo ya mbao iliyopakwa ili ifanane na jiwe. Amevaa sweta ya sufu iliyofungwa vifungo hadi kidevuni, na jasho linang'aa juu ya mdomo wake. Karima aliijua nguzo ile, na jasho lile pia, kwa kuwa siku picha inapigwa katika studio ya baba yake yeye ndiye aliyemwinamia mtoto kumnyooshea kola. Alimwambia avue sweta, joto la Kisangani si la sufu. Mtoto akamjibu kwamba sweta imetoka kwa papa yake, na papa yake akija ataikuta mwilini.

Jina lake lilikuwa Précieuse. Wiki sita kabla ya Alhamisi hiyo, mwezi wa sita mwaka 2000, majeshi mawili ya kigeni yalipigana mjini siku sita mfululizo, kama watu waliokosa uwanja kwao. Siku ya tatu kipande cha kombora kilimpata Précieuse akitoka chini ya kitanda kwenda kunywa maji. Alizikwa nyuma ya jikoni kwa kuwa njia ya makaburini ilikuwa haipitiki.

"Muhindo iko Butembo," Kavugho alisema. Muhindo ni mume wake. "Alienda kutafuta maharage mwaka wa tisini na nane, wiki mbili tu, ndiyo vita ikafunga njia. Alimuacha mutoto na miaka minne. Juma lililopita nilimupata kwa foni."

Foni ilikuwa redio ya mawasiliano ya mbali, mmoja akisema mwenzake anasubiri zamu. Simu zilikwisha kufa, na wafanyabiashara wa kutoka Kivu waliishi nayo kama zamani watu walivyoishi na barua.

"Nilimuambia. Alinyamaza mpaka mwenye foni akafikiri batri imekwisha. Kisha akasema: nitumie sura yake."

"Ni picha ngapi uko nazo?" aliuliza Mama Aziza, mama yake Karima, kutoka mlangoni.

"Hii moja. Zingine zilikuwa kwa nyumba, na nyumba muliiona."

"Sasa ukiituma, wewe unabaki na nini?"

"Mimi niko na kaburi, Mama Karima. Yeye iko na nini?"

Kavugho akaigusa picha kwa ncha ya ukucha. "Lakini hii inasema uongo. Mutoto wangu hakukuwa mweusi hivi, ni kivuli. Na sweta hii Muhindo aliichagua yeye mwenyewe, akaituma na ndege. Ni nyekundu. Tulimuzika nayo. Donc lazima aione nyekundu."

Aliwaambia kwamba Ignace, mfanyabiashara mwenzao, amepata nafasi katika ndege ya mizigo itakayoondoka uwanja wa Simi-Simi siku ya Jumamosi. Atafika Goma, kisha lori, kisha miguu pale lori litakapokomea. Saa mbili asubuhi angepita hapa kuchukua bahasha. Ndege nyingine hakuna aliyejua itakuja lini.

"Nitajaribu," alisema Karima.

"Usijaribu, mama. Fanya."

Kavugho alipokwenda zake, Karima aliiegemeza picha kwenye kopo la rangi akakaa akiitazama. Papa Nassoro, baba yake, aliendesha studio karibu na soko kuu miaka thelathini. Alipiga picha nyeusi na nyeupe, kisha akazipaka rangi ya maji kwa mkono, moja baada ya nyingine: kanga za maharusi, majoho ya mashehe, komunyo za watoto wa Kikatoliki. Filamu za rangi zilipofika mjini watu waliicheka kazi yake. Vita ilipozifanya filamu hizo ziadimike wakarudi, na yeye hakuwakumbusha walivyocheka. Alikufa mwezi wa kumi na mbili, mwaka uliotangulia, kwa ugonjwa wa ini. Mwezi wa sita studio nayo ikaungua pamoja na filamu zote, na yeyote aliyetaka nakala ya picha yake ya zamani akawa hana pa kuiomba. Kilichopona ni sanduku la rangi na brashi, kwa kuwa Karima alikuwa na mazoea ya kulibeba nyumbani jioni.

Ila katika studio ile kazi ziligawanywa. Karima alipaka nguo, mapazia, na maua ya nyuma. Nyuso zilikuwa za baba. "Nguo ikiharibika mtu atanunua nyingine," alizoea kusema. Kwa hiyo Karima, na miaka yake ishirini na mitatu, alikuwa hajawahi kuupaka rangi uso wa mtu hata mmoja.

Ijumaa asubuhi, mwanga ulipotulia, alipanga brashi mezani.

Mbili zilikuwa za baba, za manyoya ya kindi, vipini vyake vimeliwa na vidole. Tatu zilikuwa za ajabu. Zilitoka kwa Henri, Mbelgiji aliyekuwa akija studio kununua karatasi za kuchorea ndege wa mtoni. Siku wageni walipoambiwa waondoke mjini, alimwachia Papa Nassoro kijisanduku cha bati chenye brashi tatu ambazo vipini vyake vilikuwa vya plastiki, vina uwazi ndani. Unafungua kipini, unakijaza maji, unafunga. Ukikibinya, maji yanashuka yenyewe hadi kwenye nyuzi. Papa Nassoro alizigeuzageuza, akacheka. "Brashi inayobeba maji yake ni kama mgeni anayekuja na chakula chake," alisema. "Ana adabu, lakini hakuamini." Hakuzitumia hata siku moja.

Sasa Karima alikuwa na sababu ya kuzitazama upya. Mabomba ya mji yalikuwa yamekauka tangu mwezi wa sita. Brashi ya kindi huoshwa kila unapobadili rangi, na uso mmoja hubadilishwa rangi mara ishirini. Maji yakichafuka, rangi nazo zinachafuka. Baba alitumia vikombe sita vya maji safi kwa uso mmoja. Karima alikuwa na chupa moja tu, iliyowahi kuwa ya jamu, aliyokingia maji ya mvua ya mwisho. Alikuwa ameifunga kitambaa na kuiweka dirishani.

Akaonja maji yale kwanza kwa ncha ya ulimi, kama alivyofundishwa. "Ulimi unajua kabla ya karatasi," baba alikuwa akisema. Maji ya chumvi, ya sabuni, ya chuma, yote yana ladha. Yalikuwa maji ya mvua matupu. Akajaza brashi zote tatu, akatoa chini ya sanduku la rangi picha zilizoharibika, akaanza kuzijaribu.

Brashi nene ilikuwa na tumbo laini. Aliigusa tu, tone likaanguka kabla hajaliita, likasambaa juu ya paji la uso wa bwana harusi asiyejulikana. Hiyo aliiweka kando. Brashi bapa ilikuwa na akili zaidi: ilishika rangi sawasawa, ikaacha ukingo ulionyooka kama uliokatwa kwa mkasi. Ukingo kama huo unafaa kwenye bega la sweta. Kwenye shavu ungeonekana kama kovu. Ya tatu ilikuwa nyembamba, na tumbo lake gumu. Ilibidi uibinye kwa kukusudia, nayo ikatoa maji kidogo kidogo kama ngozi inavyotoa jasho. Karima aliigusisha kwenye rangi ya udongo, akavuta mstari mmoja juu ya shavu la bibi harusi. Mstari ulianza mzito, na kadiri maji yalivyoifuata rangi ukapauka polepole mpaka ukaisha bila kuonekana umeishia wapi. Akavuta mwingine. Vilevile. Jambo hilo baba alilipata kwa brashi mbili, moja ya rangi na moja ya maji, na kwa kushikilia pumzi.

Alichukua brashi ya kindi akalinganisha. Kindi ilibeba rangi nyingi na ilitii mkono vizuri zaidi, hilo hakulikana. Lakini iliacha unywele mmoja juu ya picha, na ncha yake haikukaa mpaka ailambe. Ile nyembamba ya plastiki ilikuwa na ncha wakati wote, na ili kuiosha uliibinya tu juu ya kitambaa mpaka maji yatoke meupe. Matone manne. Si vikombe sita.

Akaamua: bapa kwa sweta, nyembamba kwa uso. Alijihisi kama mtu aliyembishia baba yake mbele za watu, akaomba radhi kimoyomoyo.

Sweta aliipaka asubuhi hiyohiyo. Nyekundu ilikubali. Aliijenga tabaka tatu nyembamba, akaacha mistari ya ufumaji ionekane, kisha akaketi mbali kidogo na kutazama. Sweta ilikuwa hai, na juu yake uso wa kijivu. Maji ya chupa yalikuwa yamebaki nusu.

Saa sita alichukua madumu akaenda kisimani, kwenye foleni. Alirudi saa nane na nusu, mabega yanamuuma. Akanawa mikono, akaikausha vizuri, akaizamisha ile brashi nyembamba katika chupa ya dirishani na kuibinya mpaka tumbo likajaa. Hakuonja. Maji yalikuwa yaleyale ya asubuhi, na brashi yenyewe haikuhitaji mdomo.

Alichanganya udongo, tone la njano, na waridi kidogo sana. Akaanza na shavu la kushoto, upande wenye mwanga. Akavuta mstari wa kwanza, akavuta wa pili. Kwenye wa tatu akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona nyuma ya bega la baba yake: uso ulikuwa unamkaribia. Mtoto alikuwa anatoka kwenye kijivu, shavu kwanza, kama anayechungulia mlangoni.

Hapo zikasikika risasi upande wa Kapalata, kambi ya askari nje ya mji. Ngapi, hakuhesabu. Aliifunika picha kwa beseni, kwa upole, akamfuata mama yake chini ya meza ya jikoni.

"Ni mazoezi," alisema Mama Aziza.

"Ndiyo, mama."

"Mwezi wa sita pia tulisema ni mazoezi."

Walikaa hapo pengine dakika ishirini. Kuku wao mmoja aliyebaki alikuja akasimama nao. Kulipokuwa kimya muda wa kutosha, Karima alirudi mezani akafunua beseni.

Shavu lilikuwa jeupe.

Si lote, sehemu ya ukubwa wa punje ya haragwe, chini ya jicho, pale maji yalipotuama. Rangi ilikuwa imeliwa. Alifikiri ameweka nyepesi mno, akaongeza. Ikakaa, ikang'aa, kisha mbele ya macho yake ikaanza kwenda, kama pumzi inavyoondoka kwenye kioo. Akaongeza tena. Ikaenda tena, na mara hii hata kijivu cha picha chini yake kilikuwa kimefifia, utando wa juu umelainika kama ngozi iliyokaa majini. Akatoa mkono.

Akaipeleka brashi puani. Ilinuka hospitali.

"Mama," aliita. "Ile chupa ya dirishani."

Mama Aziza alitokea akiwa na mwiko mkononi. Tangu kipindupindu kimchukue dada yake ng'ambo ya mto, upande wa Lubunga, hakuna maji yaliyopita nyumbani humo bila matone ya klorini, dawa ambayo watu wa afya waliigawa kwenye vichupa. Aliitia mtungini, akaitia kwenye birika la udhu, akaitia kwenye sahani ya kuku, na majirani walimtania kwamba kuku wake atataga mayai yaliyochemshwa.

"Niliitia," alisema. "Ulipoenda kisimani. Kulikuwa na vidudu vinacheza ndani."

"Matone mangapi?"

"Kizibo kizima. Viwili labda. Vilikuwa vinacheza sana."

"Yalikuwa ya brashi, mama. Si ya kunywa."

"Unailambaka, ile brashi." Sauti ya Mama Aziza ilishuka. "Nakuonaka. Unaweka mdomoni kama baba yako. Nimezika dada, nimezika bwana. Nikasema, hata hayo ya brashi, acha niyasafishe."

Karima aliitazama brashi ya plastiki, safi, yenye ncha, ambayo kwa mara ya kwanza maishani ilimfanya asilambe. Hakuwa na neno la kumlaumu mama yake. Angeonja, kama alivyoonja asubuhi, ulimi ungemwambia. Alikausha picha kwa kitambaa, akaibana kati ya mbao mbili. Jua lilikuwa limeshuka, umeme hakuna, na rangi haipakwi kwa kibatari.

Jumamosi kulipopambazuka alitoka kutafuta maji. Visima vya mtaa vilitiwa dawa na timu ya afya siku ya Jumatatu. Mto ulikuwa na tope, na tangu mwezi wa sita kuna mambo mtoni ambayo watu hawakuyataja. Kwenye chemchemi foleni ilikuwa imelala pale usiku kucha. Mtu wa mbele alimwambia kwamba zamu yake itakuwa saa tano. Alirudi mikono mitupu, akamkuta Kavugho ameketi barazani. Ilikuwa saa moja kasoro.

"Nimekuja mbele ya Ignace," alisema Kavugho. "Nilitaka nimuone peke yangu kwanza."

Karima alizifungua mbao, akaiweka picha mezani.

Kavugho aliinama. Alianza na sweta, akaitazama muda mrefu, na mabega yake yakashuka kidogo. Kisha macho yakapanda.

"Hapa ni nini?"

Karima aliitazama ile chupa ya dirishani.

"Ni mimi," alisema Mama Aziza kutoka mlangoni. "Nilitia dawa kwa maji yake. Yeye hakujua."

"Nilipaswa kuonja," alisema Karima. "Baba alinifundisha nionje. Sikuonja."

Kavugho hakupandisha sauti. Aliweka kidole karibu na lile doa bila kuligusa. "Inatoka?"

"Haitoki. Dawa imeingia ndani. Rangi haitashika tena hapo."

"Na pengine? Kwa paji, kwa mudomo, kwa shavu hii ingine?"

"Huko inaweza kushika. Lakini maji hakuna. Maji yote ya mtaa yana dawa."

"Papa yako, maji ikikosekana, alikuwa anafanya je?"

Karima aliona haya kulisema. Aligusa midomo yake.

"Mate?"

"Mate."

Alichukua brashi ya kindi, ile ndogo, akaiweka mdomoni. Ulimi ulikuwa mkavu kama karatasi ya kukaushia wino. Hofu ilikuwa imemnyonya yote. Alijaribu tena, akaitoa brashi kama alivyoiingiza, na ndipo machozi yakamlenga, si kwa ajili ya picha bali kwa jinsi mwili wake ulivyomnyima hata hicho kidogo.

"Lete," alisema Kavugho.

Aliichukua brashi. Kabla ya kuipeleka mdomoni aliishika mbele yake, akacheka kwa pua, kicheko kifupi.

"Kila asubuhi, mbele ya kwenda masomo, nilikuwa namupanguza uso na mate. Hapa kwa macho, na hapa kwa kona ya mudomo. Alikuwa anachukia. Anasema, mama, sasa siku muzima nitanuka samaki yako ya soko kwa darasa."

Akaibana brashi kati ya midomo, akaitoa imelowa na ncha yake imekaa. Akampa Karima.

Walifanya kazi hivyo. Kavugho analowesha, Karima anagusa rangi, anavuta mstari, anarudisha. Brashi ya kindi ilibeba rangi na kutii, na unywele ulipodondoka Kavugho aliuokota kwa ukucha. Zaidi ya kulowesha, yeye ndiye aliyekuwa macho ya kazi ile.

"Ongeza njano. Alikuwa mweupe kuliko hapo. Kama chai, lakini maziwa imeingia kidogo."

"Hivi?"

"Hapo. Sasa masikio. Masikio yake ilikuwa myeusi kuliko uso, sijui alitoa wapi. Kwa bwana wangu, bila shaka. Kwetu hakuna masikio ile."

Mama Aziza alileta kikombe cha chai ili mdomo wa Kavugho usikauke, kisha akakumbuka maji ya chai yalikotoka, akakirudisha jikoni. Shavu la kulia likapata joto. Kidevu kikatokea. Kuzunguka lile doa Karima alivuta rangi nyepesi kwa ncha tupu, ili ukingo wake usikate kama kisu, na ndani ya doa hakugusa.

Nje Ignace alianza kupiga makofi. Alikuwa mtu mnene mwenye haraka, na kila alipokwenda alifika akilalamika.

"Mama Précieuse. Tuende basi. Ndege haingojeaka mutu, hata kama ni mukubwa."

"Ngoja."

"Nangojea nini? Yule pilote anakunywaka asubuhi. Akimaliza chupa anaruka, na abiria au bila abiria."

"Ngoja, Ignace," alisema Kavugho, brashi mkononi, bila kugeuka. "Bado tunamuosha uso."

Makofi yakakoma.

Midomo ilikuwa ya mwisho, na lile jasho juu yake Karima aliliacha jinsi lilivyokuwa. Walipunga picha kwa kawa mpaka ikakauka. Précieuse aliwatazama wote watatu, rangi ya chai yenye maziwa, masikio ya ukoo wa baba, sweta nyekundu hadi kidevuni, na chini ya jicho la kushoto doa jeupe la punje ya haragwe. Kavugho aliibusu kwenye paji. Ignace aliingia, akaifunga kati ya makaratasi mawili magumu, akaifunga tena kwa kitambaa, akaiweka ndani ya shati lake juu ya tumbo, akafunga vifungo.

"Kama wananipekua?" aliuliza.

"Waambie ni mutoto wa Muhindo," alisema Kavugho.

Wiki tano hazikuleta habari. Mara ilisemwa lori limechomwa njiani, mara ikasemwa si lori lile. Karima alipaka picha nyingine mbili, nguo tu, na kila asubuhi alionja maji. Zile brashi tatu za Henri alizikausha akazirudisha katika kijisanduku cha bati; hakuzitupa, hakuzigusa.

Kisha siku moja mchana Kavugho alipita kumchukua. "Ananiita kwa foni saa tisa," alisema. "Twende pamoja." Hakusema kwa nini.

Nyumba ya foni ilikuwa chumba kimoja chenye batri za gari sakafuni. Nicolas, mwenye foni, aliketi na visikizio shingoni, na kwenye mabenchi watu wanane walingojea zamu zao. Siri hazikuwepo, sauti ya kila mtu ilitoka kwenye sanduku na kila mtu aliisikia. Karima alisimama nyuma, karibu na mlango.

Sauti ya Muhindo ilikuja kutoka mbali, imekwaruzwa. Katika foni anayemaliza kusema humwambia mwenzake à toi, zamu yako.

"Nimepata. Jana jioni. Ignace iko muzima, miguu tu inamuuma. Nimepata, mama Précieuse. À toi."

Kavugho alibonyeza. "Umeiona? À toi."

"Nimeiona. Sweta nimeiona. Nyekundu yake ni ile ile." Makelele yakapita katikati. "Amekuwa mukubwa. Masikio ni yangu. Lakini hapa kwa shavu, upande wa kushoto, iko na alama nyeupe. Nilipotoka hakukuwa nayo. Ni nini? Aliungua? À toi."

Karima alingoja jina lake litajwe mbele ya watu wale wote. Aliona ni haki. Kavugho alikuwa amekishika kipaza sauti na hakubonyeza. Nicolas alimwonyesha kidole: zamu yako.

"Alianguka," alisema Kavugho. "Alikuwa anacheza, akaanguka kwa mawe. Mwaka jana. Ilikuwa inapona. À toi."

Sanduku lilikwaruza.

"Ilikuwa inapona," ilirudia ile sauti. "Bon." Kisha tena, taratibu, kama mtu anayekiangalia kitu alichokishika karibu na macho: "Alilia? À toi."

Kavugho aligeuza kichwa, si kumtazama Karima, ila upande wake.

"Kidogo," alisema. "Nilimupanguza. À toi."